Willem Einthoven: Tabibu aliyepima umeme mdogo wa moyo

Wiki hii tuweke siasa za kaunti kando, zitatungoja. Nataka tuzungumze habari za mtu aliyefariki takriban karne moja iliyopita, ambaye kazi yake inagusa vifua vya wazee wetu kila siku ya Mungu, na wengi wetu hata jina lake hatujapata kulisikia. Aliitwa Willem Einthoven.

Sababu ya kumtaja ni hii. Hapa Pwani presha na sukari zimekuwa kama jirani. Ni nyumba chache zisizokuwa na mtu anayemeza vidonge. Daktari akishuku kuna jambo, humwandikia mgonjwa kipimo cha moyo, kile cha kulazwa kitandani ukabandikwa waya kifuani, mikononi na miguuni. Hapo ndipo wengi wanapogoma. Husema, moyo ushadhoofu, vipi tena utiwe stima? Wengine hutoka hospitali na karatasi ya kipimo mfukoni, wakaishia nyumbani kuchemsha tangawizi. Nimeyasikia maneno haya barazani, nimeyasikia nje ya msikiti baada ya Isha, na nimeyasikia kwa watu waliosoma.

Mimi nilisomea umeme kwa kiwango cha diploma; udaktari siujui. Lakini hili la waya naweza kulieleza. Mashine ile haimpigi mtu stima. Kazi yake ni kupokea. Moyo wenyewe, kwa kudura yake Mwenyezi Mungu, una umeme wake mdogo mno, na kila pigo linapopiga umeme ule hutangulia kwanza, kisha nyama ya moyo ikajikunja. Mashine inausikiliza umeme huo na kuuandika kwenye karatasi. Mtu aliyefanikiwa kuuandika sawasawa, na kutufundisha kuusoma, ni huyu Einthoven.

Alizaliwa tarehe 21 Mei 1860 katika mji wa Semarang, bandari iliyo kaskazini mwa kisiwa cha Java. Leo hiyo ni Indonesia, wakati ule ilikuwa koloni ya Uholanzi. Kwetu sisi Java si mahali pageni sana. Wakati baadhi ya Mahadhrami walipokuwa wakishuka Lamu na Mombasa, ndugu zao walipanda majahazi kuelekea huko, na hadi leo majina ya koo za Hadhramaut yanasikika pande zote mbili za Bahari Hindi. Babake, Jacob, alikuwa tabibu pale Semarang. Alifariki Willem angali mtoto mdogo, akamwacha mama mjane na watoto sita. Mwaka 1870, kijana akiwa na umri wa miaka 10, mama aliwachukua watoto wake wote akarudi nao Uholanzi, wakakaa katika mji wa Utrecht.

Yatima yule alisoma. Aliingia Chuo Kikuu cha Utrecht kusomea udaktari, akitaka kushika njia ya babake. Alikuwa pia mtu wa michezo: mazoezi ya viungo, kupigana kwa vitara na kupiga makasia. Siku moja akiwa katika michezo hiyo alivunjika kifundo cha mkono. Wengine wangelala wakasubiri mfupa uunge. Yeye aliigeuza ile ajali kuwa somo, akachunguza jinsi mkono unavyojigeuza kiganja juu, kiganja chini, na akaandika juu ya jambo hilo. Vilevile alifanya kazi chini ya Herman Snellen, daktari wa macho aliyebuni ile karatasi ya herufi kubwa na ndogo ambayo huwekwa ukutani tukapimwa macho. Kwa hivyo mapema kabisa alikaa karibu na mtu aliyeamini kwamba ugonjwa ni lazima upimwe, tena kwa kipimo ambacho kila daktari atakitumia kwa namna moja.

Mwaka 1885 alipata shahada yake ya udaktari, na akiwa na miaka 25 tu aliteuliwa kuwa profesa wa fiziolojia, yaani elimu ya utendaji wa mwili, katika Chuo Kikuu cha Leiden. Alianza kazi mwaka 1886 na hakuhama Leiden mpaka mauti yalipomkuta. Mwaka huohuo alimwoa binamu yake, Frédérique de Vogel, wakajaaliwa watoto wanne.

Sasa tuingie kwenye kiini cha habari, nacho ni kupima kitu kidogo. Ukitaka kupima gunia la makaa, mizani ya dukani yatosha. Ukienda kwa sonara na pete ya dhahabu, akaitoa mizani ya makaa, utaondoka. Umeme nao ni hivyohivyo. Tangu mwaka 1820, pale Hans Christian Ørsted wa Denmark alipoona sindano ya dira inageuka ikiwekwa karibu na waya wenye umeme, watu walijua kuwa sumaku inaweza kutumika kupimia umeme. Vipimo hivyo huitwa galvanomita. Lakini ugumu wa umeme mdogo ni huu: kila chombo cha kupimia kinahitaji nguvu kidogo ili kisogee. Ikiwa sindano ni nzito, umeme mdogo utashindwa kuisukuma. Ikiwa inasogea polepole, umeme utakuwa ushapita. Na ikiwa chombo kinanyonya umeme mwingi, kitakula kilekile kinachotaka kupimwa.

Shida hii ilianza kuwasumbua watu wa simu za maandishi za chini ya bahari. Waya ukilazwa baharini maelfu ya kilomita, ujumbe hufika upande wa pili ukiwa dhaifu kabisa. Mwaka 1858 William Thomson, aliyekuja kujulikana kama Lord Kelvin, alitengeneza galvanomita yenye kioo kidogo chepesi kilichorusha mwale wa mwanga ukutani, ili hata msogeo mdogo uonekane mkubwa. Waya wa aina hiyo ulifika Unguja mwaka 1879, enzi za Sayyid Barghash. Kwa hiyo elimu ya kupokea umeme dhaifu ilishapiga hodi kwenye pwani yetu kabla ya reli na kabla ya taa za stima.

Moyo nao ni kama ule waya wa baharini. Umeme wake ukifika juu ya ngozi, nguvu yake ni kiasi cha milivolti 1. Betri moja ya tochi ina volti 1.5, ambayo ni mara 1,500 ya hiyo. Na mkondo unaopita ukiunganisha waya mikononi ni chini ya sehemu moja ya milioni ya ampia, huku chaja ya simu yako ikitoa ampia 1 au zaidi. Tena umeme huo haukai. Unapanda na kushuka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kipimo chake lazima kiwe chepesi na kiwe cha haraka, vyote viwili.

Mtu wa kwanza kuchapisha mchoro wa umeme wa moyo wa binadamu alikuwa Augustus Waller, aliyefanya kazi London, mwaka 1887. Alikuwa na mbwa wake aitwaye Jimmy, ambaye aliwaonyesha watu akiwa amesimamishwa na nyayo zake ndani ya vyombo vya maji ya chumvi vilivyounganishwa na waya. Mwaka 1889, katika mkutano wa wanafiziolojia huko Basel, Uswisi, Einthoven alimwona Waller akionyesha kazi yake. Jambo lile lilimkaa moyoni.

Chombo alichotumia Waller kilikuwa kimrija cha kioo chembamba kama unywele, ndani yake zebaki. Umeme ukipita, zebaki ilipanda na kushuka. Lakini zebaki ni nzito. Ilichelewa kupanda, ikachelewa kushuka, na mchoro uliotoka ulikuwa umelegea, vilele vimefutika. Hata farasi na mikokoteni ikipita barabarani, mtetemo wake uliweza kuuharibu mchoro. Einthoven hakukitupa chombo kile papo hapo. Alikaa na hesabu. Alikokotoa zebaki inachelewa kiasi gani, kisha akasahihisha mchoro nukta kwa nukta ili apate umbo ambalo moyo ulikuwa umelitoa kweli. Mwaka 1895 aliyapa mawimbi yale majina P, Q, R, S na T. Herufi hizo hazijabadilika. Ukienda hospitali yoyote leo, Mombasa au Jakarta, daktari atazitaja hizohizo. P ni umeme wa vyumba vya juu vya moyo, Q, R na S ni wa vile vyumba vikubwa vya chini vinavyosukuma damu, na T ni moyo ukijiweka tayari kwa pigo linalofuata.

Lakini kukaa kutwa ukipiga hesabu kwa pigo moja la moyo hakuwezi kumsaidia mgonjwa. Alitaka chombo kitakachoandika ukweli mara ya kwanza. Hapo akaja na wazo: aiondoe zebaki, aiondoe sindano, aondoe kila kilicho kizito, abakishe uzi mmoja tu.

Uzi wenyewe ulikuwa wa kwatzi, jiwe gumu linaloyeyuka kama kioo kwa moto mkali. Namna ya kuutengeneza itakufurahisha. Kipande cha kwatzi kiliyeyushwa kikafungwa kwenye mshale, mshale ukarushwa kwa upinde, nao ukauvuta uzi mwembamba kuliko wa buibui. Fundi aliyebuni njia hiyo alikuwa Mwingereza, Charles Vernon Boys. Uzi ulipakwa fedha ili upitishe umeme. Unene wake ulikuwa kama mikromita 2 au 3. Unywele wako mmoja ni mnene mara 20 au zaidi ya huo. Einthoven aliutega uzi huo katikati ya ncha mbili za sumaku kubwa ya umeme. Umeme wa moyo ulipopita ndani ya uzi, sumaku iliusukuma kando. Kivuli cha uzi kilikuzwa kwa hadubini mara mamia, kikaangukia juu ya bamba la picha lililokuwa likitembea kwa mwendo mmoja. Moyo ukajiandika wenyewe.

Ripoti yake ya kwanza juu ya chombo hiki ilitoka mwaka 1901, na michoro ya moyo ikafuata miaka miwili mitatu baadaye. Usidhani kilikuwa chombo cha kubeba kwapani. Kilikuwa na uzito wa karibu kilo 270, kilijaza vyumba viwili, kilihitaji watu 5 kukiendesha, na sumaku yake ilipata moto hadi ikabidi ipoozwe kwa maji. Mgonjwa aliketi kitini, mikono miwili na mguu mmoja ndani ya ndoo za maji ya chumvi. Maji ya chumvi yalikuwa na sababu. Ngozi kavu huuzuia umeme kupita, na umeme ambao tayari ni mdogo ukizuiwa, hakuna kitakachofika. Yale mafuta baridi ambayo muuguzi hukupaka leo kabla ya kukubandika waya yamechukua nafasi ya ndoo zile.

Shida ikabaki moja. Wagonjwa walikuwa hospitalini, mashine ilikuwa maabara, na kati yao kulikuwa na kilomita 1.5. Mashine haihamishiki, na mgonjwa wa moyo hafai kuburutwa njiani. Einthoven aliunganisha hospitali na maabara kwa waya za simu. Mwezi Machi 1905 mchoro wa kwanza ukapita. Ulikuwa wa mtu mzima wa afya, aliyekuwa ametoka kuendesha baiskeli kwenda hospitali, na wimbi lake la R lilionekana refu, wakasema ni kwa ajili ya ile baiskeli. Leo tukisikia daktari wa Nairobi anasoma vipimo vya mgonjwa aliyeko kisiwani, tunadhani ni mambo ya intaneti. Mlango ulifunguliwa Leiden zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwa waya wa simu na uzi wa kwatzi.

Aliweka pia kanuni. Milivolti 1 iandikwe kwa urefu wa sentimita 1, na karatasi itembee milimita 25 kwa sekunde, ili mchoro wa Leiden ulingane na wa London. Ndiyo maana ile karatasi yenye viraza vyekundu unayopewa hospitalini inaweza kusomwa na daktari popote duniani. Kampuni ya vifaa vya sayansi ya Cambridge, iliyokuwa ikiongozwa na Horace Darwin, ilianza kuziunda mashine hizo kwa ajili ya kuuza. Huko London, daktari Thomas Lewis alizitumia kwa wagonjwa wengi na akafafanua namna mbalimbali za moyo kwenda mrama. Einthoven alikiri wazi kwamba bila kazi ya Lewis chombo chake kisingefika mbali hivyo.

Mwaka 1924 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Habari zilimkuta akiwa Marekani kwenye ziara ya kutoa mihadhara. Na hapa kuna kisa kinachosimuliwa sana juu yake, ambacho mimi nakipenda kuliko uzi na sumaku. Katika kuunda mashine ile alisaidiwa miaka mingi na fundi wake, van der Woerd. Tuzo ilipokuja, fundi alikuwa keshafariki. Inasimuliwa kuwa Einthoven aliwatafuta watu wake, akapata dada zake wawili wakiishi maisha ya kimaskini, akawagawia nusu ya pesa za tuzo.

Waswahili twasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwetu ni mara ngapi fundi hufanya kazi, tajiri akapigwa picha? Jahazi likishushwa majini tunamtaja mwenye jahazi, aliyelichonga hatajwi. Profesa mkubwa wa Ulaya aliona kwamba jina lake limesimama juu ya mikono ya mtu mwingine, na deni halifi kwa mwenye kudai kufa. Sisi ambao dini yetu imetuhimiza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, tungekuwa wa mwanzo kujifunza hapo.

Miaka yake ya mwisho alifanya kazi na mwanawe, aliyekuwa mhandisi wa umeme, wakaunda uzi mwembamba zaidi uliowekwa mahali pasipo hewa, ili kupokea mawimbi dhaifu ya redio kutoka visiwa vya mashariki, kule kule alikozaliwa. Alifariki Leiden mwishoni mwa Septemba 1927, akiwa na miaka 67.

Mashine za leo hazina uzi tena. Zina vikuza umeme vya kielektroniki vinavyochukua kiasi kidogo mno cha umeme kutoka mwilini, hivyo moyo haupungukiwi kitu. Ni ndogo, nyingine hutoshea mkobani. Lakini herufi ni zilezile, vipimo ni vilevile, na mgonjwa hasikii chochote isipokuwa ubaridi wa yale mafuta. Hudumu dakika chache. Karatasi inaweza kumwonyesha daktari moyo unaopiga ovyo, moyo uliotanuka kwa presha ya miaka mingi, au sehemu ya moyo iliyokosa damu. Haimwonyeshi kila kitu, na ikitoka sawa haina maana kwamba mtu arudi kwenye chumvi na mafuta. Daktari huisoma pamoja na mengine.

Hadithi ya kile kipande cha nyama ndani ya mwili tunaijua sote tangu tukiwa chuoni kwa maalim. Tumefundishwa kuusafisha moyo kwa dhikri na istighfari, na hilo ndilo la kwanza. Lakini mwili nao ni amana, na tiba ni katika kuitunza amana. Kwa hivyo ukiwa na mzee nyumbani ambaye karatasi ya kipimo cha moyo imelala chini ya mto wake wiki ya tatu hii, kaa naye leo baada ya Magharibi. Mweleze kwamba zile waya hazileti kitu, zinachukua habari tu. Kisha umpeleke wewe mwenyewe, na umshike mkono.

Wabillahi tawfiq.